Wembe wa Serafina Mkononi mwa Mzaramo

Mtu anayenyoa watu kwa wembe wa kukunja siku hizi ana sababu yake. Mashine za umeme zipo. Nyembe za dukani zipo, unatumia na kutupa. Sasa mtu anakaa kibandani asubuhi nzima, anapitisha chuma juu ya mkanda, kwenda na kurudi, halafu anakiinua kwenye mwanga kama anayekagua yai. Huyo ana jambo.

Ndivyo nilivyomwona Masudi tangu mwanzo.

Kibanda chake kipo hapa Kambarage, mjini Shinyanga, ubavuni mwa mashine ya kusaga. Unga unampata humo ndani, kwa hiyo mchana anafanana na mtu aliyetoka kaburini. Ni mrefu, mkavu, na kichwani hana hata unywele mmoja. Kinyozi asiye na nywele. Hilo nalo nililiweka akilini.

Ni Mzaramo wa Kisarawe. Sisi Wasukuma na wao ni watani. Mtani akinitukana sikasiriki. Akija msibani kwangu akachukua kitu, siwezi kumwita mwizi, nikimwita hivyo nimejiaibisha mimi. Nalisema mapema kwa sababu ndilo lililonifunga mdomo.

Mke wangu Serafina amekufa mwaka huu, mvua zilipokuwa zinaisha. Hapo sina maneno mengi.

Yeye ndiye aliyekuwa ananinyoa. Kila Jumamosi jioni, nje, kwenye kigoda, kabla ya misa ya kesho yake. Baba yake alikuwa mpishi wa padre mmoja Mmarekani. Padre aliporudi kwao alimwachia mpishi wake wembe wa kukunja na mkanda wa ngozi wa kuunolea. Mzee akamfundisha binti yake, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume. Serafina alipoolewa alikuja navyo. Wenzangu waliletewa wanawake wenye vyungu na mikeka. Mimi nililetewa mwanamke mwenye wembe. Walinicheka sana.

Wacha nieleze wembe wenyewe. Ubavu wake ulikuwa umekwanguliwa pande zote mbili mpaka ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu. Mgongo ulibaki mnene. Ukipita shavuni ulikuwa unaimba. Sauti ndogo, kama majani makavu ya mahindi yanaposuguana. Haukuvuta unywele, haukukwaruza. Ulipita, nyuma yake pakabaki ngozi. Nimejaribu nyembe za dukani nikiwa safarini. Zinaninyoa vizuri leo, keshokutwa shingo imejaa vipele, naonekana kama kuku aliyenyonyolewa. Wembe wa Serafina haukuwahi kunipa kipele.

Haukugusa uso wa mtu mwingine. Jirani akiomba, Serafina alijibu, "Huu una mwenyewe."

Siku ya mazishi Masudi alikuja. Watani ndio wanaochangamsha msiba, hilo najua. Lakini yeye alizidi. Tulipofika makaburini tulimkuta amelala chali pembeni ya shimo, jembe kifuani.

"Hazikwi mtu hapa!" alipiga kelele. "Huyu alikuwa mtu wa maana, alikosea mume tu. Makoye, lete ng'ombe kwanza!"

"Ondoka hapo, mla nazi wewe," ndugu zangu wakamwambia.

"Niondoke niende wapi? Nyinyi mkitoka hapa mnakwenda kujaza matumbo michembe, viazi vyenu vikavu, mmeshasahau. Mimi namlilia dada yangu."

Watu walicheka. Hata binti yangu Asteria, aliyekuja na basi kutoka Chato akiwa amevimba macho, alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama mikono yake.

Tuliporudi nyumbani alijifunga kitenge cha Serafina kiunoni, akabeba sufuria, akazunguka uani akichechemea kama mimi. Aliingia mpaka chumbani. Alitoka. Sufuria aliirudisha, kitenge akakirudisha. Nikajiuliza: mtani gani anayerudisha?

Wageni walipopungua nilifungua sanduku. Wembe ulikuwa unakaa chini kabisa, umeviringishwa kitambaa kilichopakwa samli usishike kutu. Kitambaa hakipo. Wembe haupo. Mkanda ulikuwepo.

Nilikaa nalo. Wembe wa namna ile bila mkanda ni kipande cha chuma tu. Unaupitisha kwenye ngozi kila mara kabla ya kunyoa, la sivyo makali yanalala. Mwizi asiyejua angebeba vyote, au angebeba mkanda akidhani ni wa suruali. Aliyechukua wembe peke yake ni mtu ambaye tayari ana mkanda wake. Shinyanga nzima namjua mmoja.

Nilimuuliza Asteria.

"Sijui, baba. Mama alikuwa anautunza mwenyewe."

"Masudi aliingia chumbani."

"Baba, yule ni mtani."

"Najua ni mtani."

"Basi acha. Ndevu utanyolewa kwa mashine."

"Sinyolewi kwa mashine."

Kwetu mfiwa hanyoi mpaka siku ya kuanua matanga. Siku hiyo ndugu wote wananyolewa, msiba unafungwa, watu wanarudi kwenye shughuli zao. Kwa hiyo ndevu zilikuwa zinaota nami nasubiri. Nilichotaka ni kimoja. Nisinyolewe msiba wa Serafina kwa wembe mwingine wakati wake upo mfukoni mwa mtu.

Nikaanza kwenda kibandani.

"Mwangaluka, Msukuma!" alinisalimia kwa lafudhi yake mbovu.

"Nisalimie kwa heshima."

"Shikamoo, mzee Makoye."

"Marahaba."

"Heshima umepata. Sasa lete jogoo."

Nilikaa kwenye benchi. Kwenye kiti alikuwepo mzee Magesa, fundi baiskeli, povu mpaka masikioni. Masudi alichukua wembe mmoja mkubwa, akaumwagia spiriti, akaufuta, akaanza. Nilitega sikio. Jicho langu moja lina ukungu na la pili linaelekea huko huko, lakini masikio ni mazima. Ule wembe haukuimba. Ulikata kimya, kama kisu cha mboga.

"Huo wa wapi?" nikauliza.

"Mjerumani. Mpole, ananoleka haraka. Wa watu wa kawaida kama Magesa."

"Mimi mtu wa kawaida?" Magesa akasema ndani ya povu.

"Funga mdomo nisije nikakupunguza."

"Na Mmarekani huna?" nikauliza.

Mkono wake ulisimama. Kidogo tu. Kisha ukaendelea.

"Wamarekani wa zamani ni kitu kingine, mzee. Chuma chao kigumu. Kwenye jiwe kinakutesa, unanoa mpaka unakata tamaa. Lakini kikishika makali hakiyaachii. Siku hizi hawatengenezi tena."

"Sikukuuliza hayo. Nimekuuliza unao?"

"Ninao mmoja."

"Uko wapi?"

Alionyesha kwa kidevu. Juu ya rafu, nyuma ya kopo la poda, palikuwa na kitu kimefungwa kitambaa.

"Mbona huutumii?"

"Una kazi yake."

"Nipe niushike."

"Mzee, kwa jicho hilo? Ukijikata hapa nitaambiwa nimeua Msukuma, na ng'ombe wake wote watakuja kunidai."

Magesa alicheka mpaka povu likaruka. Nikaondoka. Kile kitambaa sikukiona vizuri, lakini harufu ya samli niliipata. Au nilidhani nimeipata. Nilipokuwa njiani sikuwa na hakika tena.

Nilirudi kesho yake, na siku zilizofuata. Mtu unayemshuku lazima umkae karibu. Ndipo nilipoujua mkasa wake, ingawa sikuja kwa ajili hiyo.

Alikuja Geita kijana, kuchimba. Aliingia kwenye duara moja, shimo la dhahabu, huko Mgusu na wenzake, wakachimba mpaka wakakutana na maji, basi. Wenzake wakatafuta duara jingine. Yeye alikuwa na wembe wa babu yake, akatafuta kiti.

"Wachimbaji wale hawanyoi ovyo," aliniambia. "Duara likiwa kavu, hanyoi mtu. Wanasema ukinyoa unaikata bahati. Mwamba ukitoa, wanakuja wote kwa pamoja, wachafu kama nguruwe pori. Kwa hiyo mimi nilikuwa najua duara gani limetoa dhahabu kabla ya mnunuzi yeyote. Naangalia foleni ya ndevu."

"Ukawaambia wanunuzi."

"Mmoja alinikaribisha chai. Akaniuliza leo umenyoa watu wa wapi. Nikamjibu. Mimi kijana, napenda kuongea, Mzaramo huyo. Kesho yake wanunuzi wamejaa kwenye duara la watu waliokuwa wanaficha mzigo wao. Wakaniita jasusi."

"Wakakufanya nini?"

"Kiti walikitumbukiza shimoni. Mimi nikakimbilia lori la mizigo lililokuwa linakwenda Isaka. Isaka nikakaa, nikanyoa madereva. Halafu hapa." Aliupitisha wembe kwenye mkanda, kwenda na kurudi. "Tangu siku hiyo ninachokijua kuhusu uso wa mtu, sikisemi."

Nilifikiri: hii ni hadithi ya mtu anayejitetea kabla hajashtakiwa.

Na mkanda wake niliutazama. Haukuwa ngozi. Ulikuwa ule mkanda wa gari, wa kujifunga kwenye kiti. Nikasema moyoni, ndiyo maana ule wa kwenye rafu huutumii.

Siku ya kuanua matanga watu walijaa uani. Wanawake walikuwa wamepika. Vijana walileta mashine ya umeme, waya wake umevutwa kutoka dirishani, wananyoana mstari mzima. Asteria akaja na kigoda.

"Baba, zamu yako."

"Mwite Masudi."

"Baba."

"Mwite. Na mwambie aje na ule wa kwenye rafu."

Nilikuwa nimepanga. Macho yangu hayawezi kuutambua. Pengine ameshaubadilisha mpini. Lakini shavu langu limeishi na wembe ule maisha yangu yote ya ndoa. Ukinigusa nitaujua. Na nikiujua mbele ya ukoo mzima, utani au si utani, atautoa.

Hakuhitaji kuitwa. Alikuwa ameshafika, yuko langoni na mfuko wake, amevaa kanzu safi. Hilo nalo lilinitia shaka. Kanzu ya nini?

"Nani anamnyoa huyu mbuzi mzee?" akauliza kwa sauti.

"Wewe," nikasema.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alinifunga shuka shingoni, akaomba maji ya moto, akaloweka taulo, akanifunika uso mpaka ndevu zikalainika. Akapiga povu. Akafungua kitambaa. Mpini ulikuwa wa pembe ya ng'ombe, mpya, mweupe. Wa Serafina ulikuwa mweusi. Nikasema, haya, tutaona.

Wembe uligusa chini ya sikio la kulia, ukashuka.

Ukaimba.

Majani makavu ya mahindi. Nilishika magoti. Ulikuwa unavuta kidogo sana, kama mtu aliyetoka safari ndefu, lakini ni wenyewe. Nilitaka kusimama. Sikusimama. Nilitaka kwanza amalize upande ule, niseme ukweli sijui kwa nini. Pengine kwa kuwa nilikuwa sijausikia siku nyingi.

Alimaliza kulia, akahamia kushoto.

Kushoto, chini ya taya, ndevu zangu zinageuka. Zinaota kwa kuzunguka, kama maji yanapoingia shimoni. Ukizifuata kutoka juu zinakatika nusu, halafu vipele. Serafina alikuwa anazianzia chini, kwenye koromeo, anakuja nazo kuelekea sikioni kwa ncha ya wembe, na kidole gumba cha mkono wa pili kinavuta ngozi nyuma ya sikio. Nyuma kabisa, penye mfupa. Mimi mwenyewe hapo sijioni. Hakuna mtu duniani aliyepajua ila yeye.

Masudi aliweka kidole gumba nyuma ya sikio langu, penye mfupa. Akavuta. Wembe ukashuka kwenye koromeo, ukageuka, ukaanza kupanda.

Nikamshika mkono.

Mashine ya umeme ilizimwa. Wembe ulikuwa shingoni kwangu na mkono wangu umemkaba kifundo.

"Nani alikuonyesha hapo?"

"Mzee, niachie, tutaumizana."

"Nani alikuonyesha?"

"Baba!" Asteria akasema.

Kichwani mwangu palikuwa pamepita mambo ambayo mfiwa hapaswi kuyawaza. Wembe unaweza kuibwa. Lakini uso wangu aliutoa wapi? Alikaa na nani mpaka akaujua? Nilimbana zaidi.

"Yeye mwenyewe," Masudi akasema. Alisema polepole, bila utani. "Mama Asteria. Alikuja kibandani mvua zilipokuwa kubwa. Mikono ilikuwa inamtetemeka, mzee. Hukuona?"

Niliona. Alisema ni baridi.

"Alikuja na wembe huu, mpini umepasuka. Akaniambia, nataka ujifunze uso wa mume wangu. Nikamwambia mlete. Akasema hapana, akija atajua kwamba nakufa. Akachukua mkaa kwenye jiko la mama wa chapati, jirani yangu pale, akanichora ndevu zako humu." Alijigusa taya kwa mkono ulio huru. "Hapa zinashuka, hapa zinageuka. Halafu akaniambia nijinyoe niufuate ule mkaa, yeye anatazama. Nikikosea ananipiga mkono. Ananiambia naparua kama nanyoa nguruwe. Mimi Mwislamu!"

Mtu mmoja alicheka, akajizuia.

"Alikuja mara nyingi, na mara ya mwisho akaniachia wembe. Watu wa mashineni wananiona nimekaa na masizi usoni, bibi wa Kisukuma ananigombeza. Muulize Magesa."

"Ni kweli," Magesa akasema kutoka mkekani. "Nilidhani ni dawa."

"Mbona hukusema?" nikauliza. "Nimekaa benchini kwako siku zote zile."

"Alinikataza. Alisema usimpe mkononi, kwa jicho lile atajikata, na hatakubali kwamba haoni. Alisema usubiri matanga, umnyoe. Na alisema utaniita mwizi." Akapumua. "Alicheka sana hapo. Mzee, povu linakauka."

Nilikaa hivyo. Nilijua kugombeza kule. Neno lile la nguruwe nililisikia mwenyewe kwake, nilipokuwa nakata kuni vibaya. Hakuna Mzaramo anayeweza kulitunga.

Lakini pia nilijua kwamba alikuja na siri hii nyumbani kwangu, amelala pembeni ya kaburi anatukana, na huku anajua kila kitu. Mtu wa namna hiyo ni hatari. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa ameficha mengine.

Nikamwachia mkono.

Alirudisha kidole gumba penye mfupa. Wembe ukapanda, ncha mbele, mpaka sikioni. Nilifumba macho. Asteria alisimama nyuma yangu, akaniwekea mkono begani, na machozi yake yakanidondokea kichwani. Masudi akamaliza, akanifuta kwa taulo.

Nikajipapasa chini ya taya.

"Umeacha hapa," nikasema.

"Sijaacha kitu."

"Ulikuwa unavuta."

Aliuinua wembe kwenye mwanga. "Ni mkanda wangu," akasema. "Ule wa gari haumfai huyu. Anataka ngozi."

Basi. Wembe upo kwake, kwenye rafu, nyuma ya kopo la poda. Hanyoi nao mtu mwingine, na nahakikisha. Nimemwambia Magesa ahakikishe nisipokuwepo. Kila Jumamosi jioni nakwenda na mkanda wa baba yake Serafina nimeuviringisha kwenye gazeti. Namkabidhi, nakaa kitini, nasikiliza anavyoupitisha, kwenda na kurudi. Makali yamerudi. Ananinyoa. Akimaliza nauviringisha mkanda wangu, naondoka nao.

"Si uuache tu hapo msumarini, Msukuma," huwa ananiambia. "Nani ataiba ngozi ya ng'ombe aliyekufa kabla sijazaliwa?"

"Wewe."

"Haya, nenda nao. Utalala nao."

Wembe unakaa kwake, mkanda unakaa kwangu. Hakuna anayeweza kumtapeli mwenzake. Serafina hakuwa mtu wa kusahau vitu, na sidhani kama mkanda ule aliusahau sandukuni.

Vipele sina. Kuhusu ule mpini mweusi, anasema ulikuwa umepasuka kabisa akautupa. Hilo bado nalichunguza.